Vicheche wa Ketan na Jiko la Mamake

Jyoti alinipigia simu nikiwa kwenye foleni ya duka la dawa, Hayes, akaniambia kwa Kiingereza kwamba mamake amefariki usingizini. Jyoti husikia Kiswahili chote, hata cha kusengenyana, lakini tangu nimjue hajapata kunijibu kwa lugha hiyo. Amezaliwa London, na watoto wa London ndivyo walivyo: unawapa Kiswahili, wanakurudishia Kiingereza. Nikampa pole, nikamwuliza wanamchoma siku gani, maana wao ni Wahindu, akanitajia. Akasema kuna jambo jingine na hajui aliseme vipi. Mamake aliacha neno kwamba wakishatoka kumchoma na kurudi nyumbani, chungu cha kwanza kitakachoinjikwa jikoni mwake nikiinjike mimi. Si dada za marehemu, si wake za wapwa, si Jyoti mwenyewe. Mimi, Mishi, Mwislamu wa Mombasa, mla nyama, niliyepanga chumba chake cha nyuma zamani hizo nikiwa msichana. "Alisema wewe unajua sababu," Jyoti akaniambia. "Mama zangu wadogo wananiuliza, nami sina la kuwajibu." Nikamwambia nitakuja. Nikatoka kwenye foleni bila dawa niliyoifuata, nikakaa kwenye benchi la kituo cha basi, nikalia mbele za watu. Mimi si mtu wa kulia hovyo, wanaonijua wanajua.

Sababu ni vicheche wawili. Waingereza huwaita fereti na huwafuga nyumbani kama paka: wanyama warefu, wembamba, wa miguu mifupi, jamaa zao hao vicheche wetu wanaoiba kuku, na ndiyo maana mimi na Mama Ketan tuliwaita hivyo. Dume aliitwa Chai kwa ajili ya rangi yake. Jike, aliyekuwa mweupe kama utando wa maziwa, aliitwa Malai, yaani huo utando wenyewe. Walikuwa wa Ketan, mtoto wa kiume wa pekee wa mama huyo, fundi wa reli kule Stratford, ambaye moyo wake ulisimama akiwa kazini kabla hajatimiza miaka thelathini. Mimi sikuwahi kumwona. Nilipohamia Kenton alikuwa ameshakufa miezi michache, picha yake imetundikwa sebuleni na kuvishwa shada la maua. Lakini jina lake nililitaja kila siku. Siku ya kwanza nilimwita yule mama Bi Hansa, kama nilivyoambiwa na aliyenielekeza, naye akanikatiza. "Ketan nilimzaa Mombasa, na Mombasa nikaitwa Mama Ketan. Sasa watu wameacha kuniita hivyo, wanaona haya. Wewe usione haya."

Masharti ya nyumba alinipa mlangoni, hata begi sijaliweka chini. "Nyama hapana. Samaki hapana. Yai hapana. Na jikoni usiingie, mwanangu, si kwa ubaya." Alisema kwa Kiswahili safi cha mtu aliyekulia nyuma ya soko, na hilo neno mwanangu lilinichanganya, maana lilikuja pamoja na mlango kufungwa. Chumba changu kilikuwa juu, nyuma, kikitazama bustani: kitanda, kabati lenye mlango mmoja, na meza iliyobeba jiko dogo la umeme nililopikia uji na maharage ya kopo. Kazi yangu ilikuwa Hayes, katika ghala la chakula cha abiria wa ndege, kupanga trei: kuku upande huu, mboga upande ule, funika, haya nyingine. Nilianza alfajiri na kurudi mchana. Nyama yangu niliila kituoni nikisubiri basi, paja la kuku kwenye karatasi, kisha nikipangusa vidole na mdomo kabla sijafika kwake, kama mtu aliyetoka kuiba. Mamangu alifua nguo za watu katika nyumba kama ile kwetu, akiingilia mlango wa nyuma, nami sikuja London kuingilia mlango wa nyuma. Nilivumilia kwa sababu kodi ilikuwa nafuu, na kwa sababu nilipenda kusikia Kiswahili cha kwetu kikisemwa chini nikiwa ngazini.

Jiko lile nililijua kwa pua kabla sijalijua kwa macho. Asubuhi ilikuwa tangawizi ikipondwa, mchana samli na bizari nyembamba zikirukaruka kwenye mafuta, jioni manjano. Mlango wake ulikuwa na kioo cha ukungu, nami nikipita niliona kivuli chake tu kikitoka kwenye sinki kwenda kwenye jiko, akizungumza peke yake. Kila alasiri alitoka kwa mlango wa bustani, sweta la Ketan limevaliwa juu ya sari, akashuka mpaka kwenye kibanda cha mbao mwisho wa bustani na bakuli la biskuti za wanyama. Kutoka dirishani kwangu nilimwona akisimama pale muda mrefu kuliko inavyochukua kumimina biskuti. Na niliona pia, siku zilivyokwenda, kwamba bakuli linarudi likiwa limejaa zaidi ya nusu. Chai alikuwa amekonda mpaka nyonga zinaonekana. Manyoya ya mkia wa Malai yalikuwa yakinyonyoka, na choo chao, uniwie radhi msomaji, kilikuwa cha kijani na utelezi. Nilidhani hayanihusu.

Siku moja ya Jumapili Jyoti alikuja. Nilikuwa chumbani nikisuka nywele, na kuta za nyumba za Kenton huwa nyembamba. Mama alisema kwa Kigujarati, ambacho sikijui. Jyoti alijibu kwa Kiingereza, kwa hiyo nilisikia nusu ya mazungumzo, na hiyo nusu ilinitosha. Alisema daktari wa wanyama ameshawaambia mara mbili kwamba matumbo ya wale vicheche ni dhaifu, kwamba wameumbwa kula nyama na si nafaka iliyokaushwa, na kwamba biskuti zile ndizo zinazowamaliza. Alisema wapewe watu wanaojua kuwatunza. Mama akasema kitu kwa sauti ya chini. Ndipo Jyoti akapandisha yake. "Ketan alikuomba friji moja, Mummy. Moja ndogo, aiweke kibandani awawekee nyama. Ukamwambia damu haipiti mlangoni mwako, mkanuniana, halafu akafa. Sasa unawashikilia wa nini?" Nilisikia mlango wa mbele ukifungwa na gari la Jyoti likiondoka, na shanuo likabaki mkononi mwangu.

Haukupita muda mrefu mlango wangu ukagongwa. Mama Ketan hakuwa amewahi kupanda mpaka chumbani kwangu. Alikuwa na magoti mabaya, na pengine hakutaka kuona ninachopika. Alisimama kizingitini akihema. "Mishi, wewe unaijua nyama," akasema. Nikamjibu kwa ufidhuli kidogo kwamba naijua kwa kuila. Hakukasirika. Akasema atanunua friji, iwekwe kibandani, na anataka mtu wa kuinunua nyama, kuikata na kuwalisha wale wanyama mpaka watakapoizoea. Jikoni isiingie. Damu yangu ilichemka, nakwambia. Mimi nakula kuku wangu kituoni kwenye mvua, halafu vicheche wanunuliwe friji? Nilikuwa nimeshafungua mdomo nimwambie hivyo aliposema, "Nakuomba." Akaliona jicho langu, akajua nimesikia ya mchana. "Alichoniomba mwanangu nilimnyima. Wakifa hawa, nitakuwa nimemnyima mara mbili." Nikafunga mdomo. Nikamwuliza tunaanza lini.

Friji ilikuja, ndogo, ya mitumba, ikalia usiku na mchana kibandani. Waya wake ulipita dirishani mwa jikoni. Umeme ndio pekee ulioruhusiwa kutoka ndani kwenda kule. Bucha nililolijua lilikuwa Wembley, na muuzaji wake, mzee mmoja Mpakistani, alinifungia shingo za kuku, mioyo, firigisi na ini akaniuliza napika nini. Nikamwambia supu. Ningemwambia nini? Nikarudi nikaweka ubao kwenye meza ya kibandani, na hapo ndipo mimi na Mama Ketan tulipofanya kosa ambalo Mwingereza hawezi kulifanya hata ukimlipa. Dirisha la jikoni lilifunguka, mkono wenye bangili ukatoka na ndimu nne na kibakuli cha chumvi. "Nyama huoshwa kwa ndimu," akasema. "Mimi siili, lakini majirani zangu Mombasa waliosha uani, nikiwaona." Nikamwambia wala hahitaji kunikumbusha. Mamangu alinifunza kwamba nyama isiyoshikwa na ndimu ni uchafu, na mtu anayeipika hivyo hakulelewa. Nikaikamulia ndimu, nikaisugua chumvi, nikaisuuza chini ya bomba la bustani mpaka maji yakatoka meupe. Ilipendeza macho. Ungeweza kumpikia bwana harusi.

Malai akaisogelea, akanusa, akapindua bakuli kwa miguu miwili. Chai alipiga chafya na kurudi ndani ya mkono wa koti kuukuu la Ketan alimokuwa akilala. Mama Ketan, aliyekuwa akitazama kutoka mbali, ameziba pua kwa upindo wa sari, akasema labda haijatakata. Basi kesho yake nikaiosha zaidi. Nikaongeza siki. Tukaendelea hivyo, sisi wanawake wawili wa Mombasa, mmoja akitoa ndimu dirishani na mwingine akisugua, huku wanyama wakizidi kudhoofika, mpaka asubuhi moja Chai alitoka akipepesuka, miguu ya nyuma haimfuati. Tukawatia wote wawili kwenye sanduku tukapanda basi kwenda Harrow. Daktari alikuwa dada mdogo mpole. Aliwapima, akampa Chai kitu cha sukari kwenye ufizi, akaniuliza nyama tunaiandaa vipi. Nikamweleza kwa majivuno, hatua kwa hatua. Hakucheka, namshukuru mpaka leo. Alisema wanyama hawa huikimbia harufu ya ndimu, na kwamba ile damu tuliyoimwaga bustanini ndiyo yenye utamu na nguvu wanayoitafuta. Akatufunza upya: kuku peke yake, usichanganye nyama tofauti mpaka tumbo litulie, ichanganywe na biskuti zilizolowekwa, kidogo sana mwanzoni, uongeze kadiri choo kinavyotengemaa, iwe vuguvugu, mfupa mbichi sawa, uliopikwa kamwe, na wasikae na njaa, maana chakula hupita upesi mwilini mwao na sukari ikishuka wanaanguka.

Kwenye basi la kurudi tulikaa ghorofa ya chini, sanduku mapajani mwa Mama Ketan. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka. "Ndimu," akasema. "Na siki juu." Nikacheka nami, tukacheka mpaka mama mmoja mbele yetu akageuka. "Ketan angetucheka sisi," akasema, "angetucheka mwaka mzima," na hapo kicheko kikamgeukia, akalia kweli, mkono mmoja juu ya kile kifuniko chenye matundu. Nilikuwa msichana, na msiba wa mtu mwingine ulinitisha. Nikamshika kiwiko mpaka kituo chetu kikafika.

Tukaanza upya, polepole. Nikirudi kutoka Hayes nilisaga nyama na moyo na kipande kidogo cha ini kwenye mashine ya mkono, damu yake yote ndani, nikaimiminia maji ya moto kutoka kwenye chupa ya chai mpaka ikawa rojo, nikaichanganya na biskuti zilizolainika. Kazi yangu sasa iko katika nyumba ya wazee, nawalisha watu ambao midomo imesahau kazi yake, na wasichana ninaowafundisha huniuliza nilijifunzia wapi kutulia vile. Huwaambia nilijifunzia kwenye kibanda. Malai alikuwa mwepesi. Alilamba, akaonja, na baada ya wiki chache alikuwa akiiba shingo za kuku na kuzificha nyuma ya friji. Choo chake kikashikamana, mkia ukaota manyoya. Chai alikuwa mbishi. Wanyama hawa wakishazoea chakula kimoja udogoni, kingine hawakitambui kuwa ni chakula. Ilibidi nichovye kidole kwenye rojo, nimpake kwenye meno, naye kwa kutaka kujisafisha akawa anameza bila kupenda. Mara nyingi kwa siku, kidogo kidogo. Nilipokuwa kazini Mama Ketan alimpa biskuti zilizolowekwa, kwa kijiko kirefu cha mbao, uso ameugeuzia ukutani. Bakuli la nyama hakuligusa. Hata friji aliifunga kwa kiwiko.

Halafu Chai akafika mahali pabaya, katikati. Akazikataa biskuti kabla hajaikubali nyama. Akawa anaishi kwa kile nilichompaka menoni tu, alfajiri kabla sijatoka na mchana nikirudi. Daktari alisema tusikate tamaa, ila asipitishe saa nyingi bila kitu. Ndiyo wiki hiyo theluji ikaanguka. Si theluji ya kupiga picha, iliyofunga barabara. Nilifika Hayes gizani, na zamu ilipokwisha hapakuwa na basi wala treni. Nikampigia simu. Nikamwambia Mama Ketan, sifiki, labda jioni, labda nitembee. Jyoti alikuwa Leicester. Majirani hawakumjua Chai wala hawakumtaka. Kwenye simu nilisikia saa ya ukutani sebuleni kwake, na pumzi yake. Nikasema, "Mjaribu kwa kijiko." Akasema, "Kijiko hakitaki, unajua." Nikasema tena kwamba nitatembea. Akasema "Haya," akakata simu. Nikashika njia. Njia nzima nilikuwa nikimwona yule mnyama amejikunja ndani ya mkono wa koti, na yule mama ameketi sebuleni chini ya picha akisubiri kufiwa mara ya pili.

Nilifika giza la saa kumi jioni likiingia, viatu vimelowa, miguu siisikii. Sebuleni hapakuwa na taa. Jikoni hapakuwa na taa. Bustanini kulikuwa na alama za nyayo kwenye theluji, za kandambili za plastiki, zinazokwenda kibandani na hazirudi. Nikasukuma mlango. Mama Ketan alikuwa ameketi juu ya kreti la mwanawe, mikono ya sweta imekunjwa mpaka juu ya kiwiko, bangili amezivua na kuzipanga kwenye ubao. Chai alikuwa mapajani mwake. Bakuli la nyama lilikuwa kwenye goti lake, na kidole chake cha shahada kilikuwa chekundu mpaka kwenye kifundo, ndani ya mdomo wa yule mnyama. Naye alikuwa akilamba. Hakuwa akijisafisha meno; alikuwa akila, akishika kidole kile kwa miguu yake miwili ya mbele asije akanyang'anywa. Mama Ketan hakuinua uso. "Funga mlango, baridi inaingia," akasema. Nikafunga. Kisha akasema tena, "Anapenda moyo kuliko ini. Wewe ulikuwa unamzidishia ini." Machozi yalikuwa yakimshuka na hakuwa na mkono wa kuyapangusia, nami nikampangusa kwa kilemba changu.

Tulipotoka alisimama mlangoni mwa jikoni, upande wa nje, mikono ameitenga na mwili. Aliniambia nimfungulie bomba la nje, akanawa kwa yale maji ya barafu, kisha akataka nimfungulie mlango wa mbele ili asipite jikoni. Akapanda kuoga. Nami nikasimama ukumbini nikidondosha maji. Kutoka juu akaniita. "Mishi. Ukimaliza kuota moto uoge. Kisha uingie jikoni utupikie. Mimi leo siingii." Nikamwambia, Mama Ketan, mimi ndiye mla nyama. Akasema, "Leo wewe umeshika nini? Trei za plastiki. Mimi nimeshika damu. Mungu wangu nitazungumza naye mwenyewe kesho asubuhi, hilo niachie. Sasa hivi aliye safi humu ndani ni wewe."

Basi nikaoga, nikaingia. Jiko lilikuwa dogo kuliko nilivyolifikiria kupitia kile kioo. Rafu zilikuwa na makopo ya bati yanayofanana, na dirishani kulikuwa na ndimu mbili zilizosalia. Yeye aliketi ngazini na nywele mbichi, taulo mabegani, akinielekeza kwa sauti bila kunyoosha shingo kutazama. Kichiri ndicho alichotaka, mchele na pojo, yaani choroko, vilivyopikwa pamoja mpaka vikalainika, chakula cha wagonjwa na cha watu waliochoka. "Pojo ziko wapi?" nikauliza. "Kopo la tatu." "Manjano?" "Kijiko kidogo, usinipake rangi." Nikatwanga tangawizi kama tunavyotwanga kwetu, nikaunguza kidogo samli, nikaleta sahani mbili ngazini. Akaonja. "Tangawizi umezidisha," akasema, akala akamaliza, akaomba tena. Tulikula vile, yeye ngazi ya juu na mimi ya chini yake. Alipomaliza aliiweka sahani akasema, na sauti yake haikuwa na machozi tena, "Kitu chenyewe kilikuwa hiki tu, Mishi. Kunawa na kuoga. Ningeweza kumfanyia akiwa hai." Sikumwambia si kosa lako, maana angejua namdanganya. Nikamwambia Chai amekula. "Amekula," akasema.

Tangu siku hiyo alimlisha mwenyewe, kwa vidole, na Malai naye. Kila alipotoka kibandani alioga, na siku hiyo yote hakuingia jikoni. Kwa hiyo mimi ndiye niliyepika mpaka mwaka ulipokwisha, yeye ngazini, akinisahihisha. Alinifunza kila kopo. Sikuwahi kuingiza nyama jikoni mle, naye hakuniambia tena nisiingize. Chai alinenepa, akapata manyoya ya kung'aa, akaishi miaka kadhaa zaidi ya alivyotazamiwa, na alipokufa Malai akamfuata. Nilipohama kwenda kuolewa alinipa lile kopo dogo la manjano. Dada zake hawakujua lolote. Waliokuja siku za Jumapili walikuta mpangaji anapika, wakanong'ona, naye akawaacha wanong'one.

Haya yote nilimsimulia Jyoti ndani ya gari, tukitoka kumchoma. Alikuwa akiendesha, amevaa nyeupe, na mimi kandoni nimejitanda buibui. Alipofika kwenye taa nyekundu akaniuliza, kwa Kiingereza chake, kama ni yale maneno yake ya siku ile, ya friji, ndiyo yaliyomtuma mamake. Miaka yote hiyo aliyabeba. Aliamini kwamba alimvunja mamake moyo kwa maneno yale. Nikamwambia ndiyo, ndiyo yaliyomtuma, na kama asingeyasema mamake angefariki na lile deni moyoni. Taa ikawa kijani na gari halikuondoka mpaka wa nyuma yetu wakapiga honi.

Nyumbani wote wakaoga, kama desturi yao inavyotaka. Mimi nilioga bafu la juu, lile lile, na vigae vyake vimebadilishwa. Niliposhuka mama wadogo walikuwa wameketi sebuleni kwenye mashuka meupe, na mmoja wao, mkubwa wao, alikuwa akimsifu marehemu kwa Kiingereza ili nami nisikie: kwamba katika maisha yake yote dada yao hakuwahi kuchafua mkono kwa nyama. Jyoti alinitazama. Nikafungua mlango wa kioo, nikaingia. Makopo yalikuwa yale yale, bati limepoteza mng'ao, na hakuna aliyekuwa amewasha moto pale tangu alipokufa. Nikaosha chungu. Nikasimama mbele ya rafu, na ingawa nilijua, nikajikuta nimeuliza kwa sauti, kwa mazoea, pojo ziko wapi. Nikasikia ngazi ikilia. Jyoti alikuwa ameketi pale alipokuwa akikaa mamake, nywele mbichi, taulo mabegani. Akanijibu kwa Kiswahili, polepole, kwa lafudhi ya Mombasa ambayo sikujua anayo.

"Kopo la tatu, Mishi. Na tangawizi usizidishe."